Nyuzi Sabini Kwenye Daftari

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Habari za huko, habari za Mama, habari za lile dirisha la maabara lisilofunguka? Mimi mzima, ila kichwa kinaniuma na dawa unayo wewe.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga mara mbili. Mara ya kwanza ulisema una kitu kwenye moto, mara ya pili ukaniambia mambo ya maabara hayasemwi kwa simu kama habari za harusi, yanaandikwa. Haya, nimeandika. Posta ni siku tisa, kwa hiyo nisome vizuri.

Maabara ya hapa ukiiona utacheka kwa wivu. Beseni la maji moto ni la chuma, lina kifuniko, lina kompyuta yake ndogo ubavuni. Ukiliambia nyuzi sabini, linakaa sabini mpaka uchoke wewe. Kazi yenyewe wanaiita kwa jina refu, uoteshaji wa tando za nusu-kipitishi kwa kemikali. Sisi tulisema tu kuotesha vioo.

Shida ni kwamba vioo vinaota vibaya. Nafanya kila kitu kama ulivyonifundisha. Naosha kioo mara tatu, nakisimamisha kwenye bika yenye dawa, natia amonia mpaka macho yanalia, naweka bika kwenye maji ya nyuzi sabini, dakika tisini, bila kugusa. Dawa inageuka njano, moyo unafurahi. Nikitoa kioo, utando umejaa ungaunga kama chaki, na nikipitisha kidole chenye glavu, wote unabaki kwenye kidole. Unakumbuka kioo chetu namba kumi na nne? Tulibandika selotepu tukaivuta kwa nguvu na utando haukubanduka hata chembe. Ukiuinua kwenye mwanga ulikuwa mwangavu kama lenzi ya miwani. Huo ndio ulionileta hapa. Makala imeshatoka, nafasi ya udaktari nimepewa kwa sababu ya makala, na Profesa anataka kuuona ukiota mbele ya macho yake.

Jopo la watu watatu litakaa tarehe 10 Aprili. Nikishindwa kuuotesha tena, wananiondoa na makala wanaifuta. Hawana maneno mengi.

Mjomba, daftari linasema sabini. Kuna kitu ulikuwa unafanya ambacho hakimo kwenye daftari?

Mpwa wako,
Kiherehere


15 Februari

Kiherehere wangu,

Marahaba. Miezi mitano uko huko, barua yako ya kwanza ni ya shida. Sikulaumu. Hata mimi mtu asiponiuliza kitu huwa simkumbuki.

Dirisha bado halifunguki. Mama yako mzima, anasema ukishakuwa daktari umtibu goti, na nimeshindwa kumweleza kwamba udaktari wako si wa magoti. Nimeacha. Atajionea mwenyewe.

Sasa vioo. Ungaunga maana yake ni haraka, hilo nilikufundisha wiki ya kwanza, na ulikuwa unasinzia. Joto likizidi, chembe hazina subira ya kushika kioo. Zinashikana zenyewe huko majini, zinakuwa unga, kisha unga unaangukia juu ya kioo na kujifanya utando. Joto likipungua mno, utakaa kutwa nzima na kioo kitabaki kitupu. Kwa hiyo angalia mambo haya. Amonia yako ni mbichi au ni ya chupa iliyofunguliwa mwaka jana? Bika unaifunika? Kioo kimesimama wima au umekiegemeza kivivu? Maji ya kuoshea ni yapi? Huko kwenye vitu vizuri watu huwa wanasahau vitu vidogo.

Kuhusu sabini, sabini ni sabini. Uliniuliza siku ile nikakujibu, nakujibu tena.

Lingine. Hiyo makala mbona hujaniletea? Miaka thelathini na moja nimeotesha vioo vya watu, wakapata shahada zao wakaondoka wakinipungia mkono. Jina langu limechapwa mara moja tu maishani, kwenye orodha ya zamu ya usafi, na walikosea herufi. Nimeshaona fremu dukani. Niletee nakala nijue inataka ya ukubwa gani.

Mjomba wako,
Fundi


27 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nimefanya yote. Amonia nimefungua chupa mpya. Kioo wima, kioo kimeinama, kioo kifudifudi. Maji nimechuja mara mbili. Nimepanda hadi themanini, bika nzima ikawa kama uji. Nimeshuka hadi hamsini, kioo kikatoka kitupu kama kilivyoingia. Sitini ikanipa utando dhaifu wenye madoa. Sabini ungaunga. Leo ni jaribio la kumi na moja. Wenzangu wameanza kuniuliza habari za jaribio kwa sauti ile wanayoulizia wagonjwa.

Profesa ameacha kukaa karibu nami. Jana alisimama mlangoni akaniuliza kama nina uhakika kioo kile kiliota kwetu. Nikamwambia nina uhakika. Akasema vizuri, akaenda zake, na hiyo "vizuri" sikuipenda.

Nisamehe kwa kuuliza tena, lakini lazima. Kioo namba kumi na nne kiliota Alhamisi. Alhamisi ile mimi nilikuwa kwenye usaili wa nafasi hii. Nilikuachia dawa na karatasi ya maelekezo, nikaondoka asubuhi. Ijumaa nilipoingia nilikuta kioo kimekauka juu ya kitambaa, kizuri kuliko vyote. Nikakuuliza, sabini, dakika tisini? Ukasema ndiyo, na mimi nikaandika. Naomba uniapie, Mjomba. Ilikuwa sabini muda wote?

Makala nitakutumia. Nasubiri wachape nakala nzuri.

Kiherehere


8 Machi

Kwa Daktari Mtarajiwa,

Makala uliyokuwa unasubiri ichapwe vizuri imechapwa vizuri. Mkuu wa Idara ameibandika kwenye ubao wa matangazo, kati ya ratiba ya mitihani na tangazo la mwavuli uliopotea. Nilivaa miwani nikaisoma nimesimama, wanafunzi wananipita.

Nilianza na majina ya juu. Yako mawili, la kwako na la Profesa, ambaye siku kioo kile kinaota hakujua kama umezaliwa. Nikasema sawa, fundi hakai juu, fundi anakaa chini kwenye shukrani. Nikashuka chini. Umeushukuru uongozi wa chuo kwa mazingira mazuri ya kazi. Umewashukuru wenye mashine ya mionzi. Umemshukuru aliyekusahihishia lugha. Nikageuza karatasi nikidhani shukrani zinaendelea nyuma. Nyuma kulikuwa kweupe.

Ndipo nikarudi katikati nikakuta sentensi yenyewe. "Tando zote zilioteshwa na mwandishi wa kwanza." Zote. Alhamisi ile mwandishi wa kwanza alikuwa amevaa sketi ya kuazima kwa binamu yake, anajibu maswali ya usaili umbali wa saa tatu kutoka kwenye bika. Nani aliyekuwa anafuta macho kwa mkono wa koti? Nani aliyekikausha kioo, akakilaza juu ya kitambaa safi alichotoka nacho nyumbani?

Ulipokuja kwangu ulikuwa unashika bika kama kikombe cha chai. Umevunja kumi na saba, na zote niliandika kwamba nimevunja mimi. Nilifanya hivyo kwa sababu wewe ni mtoto wa dada yangu, na pia kwa sababu una mkono mzuri, na mkono mzuri siku hizi hauonekani. Sikudai kitu. Mstari mmoja tu ungetosha, tena kwa herufi ndogo.

Unaniambia niape. Mtu haapi kwa kazi isiyo yake. Aliyeotesha ni mwandishi wa kwanza, mwulize yeye.

Kweli kuna jambo lilitokea Alhamisi ile. Ungeona haja ya kuniandika, ungekaa na mimi ukaniuliza nilifanya nini tangu asubuhi hadi jioni, na mimi ningekueleza. Hukuona haja. Basi na mimi leo sioni haja. Shukrani ya punda ni mateke, nilikuwa nasikia watu wakisema, sikujua ni habari yangu.

Fremu nimeirudisha dukani.

Fundi


17 Machi

Mjomba,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Kosa langu nalikubali. Profesa aliniambia mafundi hawaandikwi, na hiyo ndiyo sababu niliyojipa nipate usingizi. Ya kweli ni nyingine. Darasani kwetu wasichana tulikuwa wawili, na kila nilipofanya vizuri niliwasikia wakisema, huyo si ana mjomba wake mle ndani. Miaka miwili nimesikia hilo. Nilipoandika ile makala nikaona jina lako chini ya langu, nikaona na vidole vyao vikiunganisha ukoo. Watasema alifanyiwa. Nikalifuta. Nililiandika kwanza, Mjomba, kisha nikalifuta.

Sasa na mimi nina langu. Unasema sikukuuliza. Nilikuuliza Ijumaa ileile, kabla sijashika kalamu. Nikakuuliza tena mwezi wa pili ukanijibu sabini ni sabini, ukaniacha nichuje maji na kuegemeza vioo kama mwehu. Wakati ule hukuwa umeiona makala. Hukuwa na hasira yoyote. Kwa nini hukusema?

Simu yako imezimwa siku ya tatu leo. Profesa ameniambia nieleze kwa maandishi, mwisho tarehe 24, kwa nini utando haurudiki, na nakala inakwenda kwa Mkuu wa Idara huko kwetu. Lazima niandike kitu. Ninachokijua ni kimoja. Joto la siku ile ulilijua wewe peke yako, na ile sabini ilitoka mdomoni mwako.

Najua barua hii haitakufikia kabla ya tarehe 24. Naiandika ili usije ukasema sikukuambia.

Mpwa wako


22 Machi

Kiherehere,

Majibu yako hayajafika na sitaki kuyasubiri. Niliyokuandikia tarehe 8 niliyaandika kwa kiburi, na kiburi kimeanza kunichosha.

Mama yako alikuja Jumapili. Akaniuliza mbona sili, nikamwambia yote, makala, ubao, na hiyo Alhamisi. Nilidhani atakutukana wewe. Akasema, "Wote wawili mmeficha. Lakini yeye ni mtoto, wewe una mvi." Akachukua mkoba wake akaondoka na goti lake.

Basi sikiliza. Siku ile niliweka bika kwenye beseni saa nne na nusu asubuhi, maji nyuzi sabini sawasawa. Dakika ya ishirini umeme ukakatika. Unalijua beseni letu, ni bati tupu, halina hata kifuniko. Nikasema maji yakipoa ghafla kazi ya mtoto imekwisha. Nikavua koti langu la kazi nikalifunga beseni, nikachukua na lile blanketi la kitanda cha huduma ya kwanza nikazungushia juu yake. Nikavuta kiti nikakaa. Umeme haukurudi mchana, haukurudi alasiri. Maji yakapoa pole pole humohumo ndani ya blanketi. Saa tisa hivi nikafungua nikijua nakuta takataka. Nikakiinua kioo dirishani, na nikuambie kweli, miaka thelathini na moja sijaona utando kama ule.

Nadhani ndivyo ilivyokuwa. Ile sabini ya mwanzo ndiyo iliyozifanya chembe zishike kioo. Kisha joto likaanza kushuka kabla hazijapata haraka ya kuwa unga, zikakaa zikajipanga moja moja, kwa subira. Ukiliacha beseni lako zuri lishikilie sabini muda wote, unaziharakisha. Uzuri wa mashine yako ndio unaokuharibia.

Kwa nini sikusema? Ijumaa uliingia unaruka, usaili umekwenda vizuri, walitaka matokeo Jumatatu. Ningekuambia umeme ulikatika ungesema jaribio limeharibika, lazima tuanze upya, na muda wa kuanza upya haukuwepo. Uliponiuliza sabini, nikasema ndiyo. Ulinikumbatia mpaka miwani ikaanguka. Baada ya hapo kila siku iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi kusema. Na mwezi wa pili nilikudanganya tena kwa sababu niliona aibu, nikajiambia labda itakubali tu. Hiyo ndiyo kweli na si nzuri.

Fanya hivi. Sabini kwa dakika ishirini, kisha zima. Lifunike beseni kwa kitu kizito, uache maji yashuke yenyewe, usifungue mpaka zipite saa nne. Simu nimeishika mara mbili leo nikaiweka. Haya mdomo wangu hauwezi, kalamu inaweza. Hadi tarehe 10 bado una muda wa kutosha.

Mambo ya jina yaache, tutayazungumza siku nyingine.

Mjomba wako


1 Aprili

Kwa: Fundi Mkuu, Maabara ya Kemia

YAH: KUSIMAMISHWA KAZI

Rejea somo tajwa hapo juu.

Ofisi imepokea, kwa barua pepe ya tarehe 24 Machi, maelezo ya aliyekuwa mwanafunzi wetu kuhusu utando uliochapishwa katika makala yake. Pamoja na mengine anaeleza: "Vipimo vya joto vya siku husika vilitolewa na fundi wa maabara bila kupimwa, nami niliviingiza katika daftari kwa kumwamini. Sikuwa na sababu ya kumshuku."

Tuhuma ya kutoa vipimo vya uongo ni nzito na inagusa heshima ya Idara. Unasimamishwa kazi kuanzia leo. Unatakiwa kukabidhi funguo za maabara, stoo na kabati la dawa kabla ya saa sita mchana kesho, na kufika mbele ya kamati tarehe 6 Aprili saa tatu asubuhi kujieleza. Hutaruhusiwa kuingia maabara kwa sababu yoyote ile.

Wako katika ujenzi wa taaluma,
Mkuu wa Idara


13 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Barua yako ilifika tarehe 31. Maelezo yangu yalikuwa yamekwenda tarehe 24. Ungeiwasha simu siku moja tu, ungepiga badala ya kuandika, nisingeyaandika. Kila siku naihesabu ile wiki moja.

Nilichoandika nilikikisia tu, lakini hakikuwa uongo. Hata wewe umekiri. Lakini nilidhani watakuita wakuonye, basi. Mama alinipigia akasema umepumzika siku hizi, uko nyumbani, na sauti yake ilikuwa ya furaha. Nikaelewa kwamba hujamwambia. Kisha Katibu wa Idara akaniambia yaliyobaki.

Utando umeota. Lazima nikuambie. Nilifanya ulivyosema, dakika ishirini, nikazima, nikalifunika beseni kwa sweta mbili na godoro la yoga la mwenzangu. Mara sita za kujaribu utando uligoma. Mara ya saba ukaota. Nikarudia mbele ya jopo, na kwa bahati tu ukaota tena. Selotepu ilivutwa na Profesa mwenyewe. Mmoja wa jopo akaniuliza wazo la kuacha maji yapoe nililipataje. Nilifungua mdomo kusema mjomba wangu. Nikasikia nimesema, kwa kujaribujaribu. Profesa amefurahi, ameshaipa jina, anaiita njia ya kupoza pole pole, na anataka tuandike makala ya pili.

Usinifikirie vibaya. Ningesema ni wewe ningelazimika kuonyesha barua yako, na barua yako ni ungamo. Imo kwenye droo, nimeifunga. Ni kwa ajili yako pia.

Ila sijavuka. Jopo limesema kuota mara mbili kwa bahati hakutoshi. Wanataka namba. Maji yalikuwa nyuzi ngapi baada ya nusu saa, baada ya saa, baada ya saa mbili, ili mtu mwingine popote aweze kurudia. Wamenipa hadi 30 Juni. Beseni hili naweza kuliamuru lishuke nitakavyo, nyuzi kwa nyuzi, lakini sijui niliambie nini, na miendo ya kushuka ni mingi kuliko siku nilizobakiwa nazo. Lilivyoshuka beseni letu siku ile ndivyo ninavyotaka lishuke hili. Bila namba hizo wananirudisha nyumbani bila kitu.

Tafadhali niandikie ulizopima. Hata kama hazijakamilika. Safari hii jina lako litakuwemo kwenye shukrani, naapa.

Mpwa wako


23 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Ungamo langu endelea kulifungia, halina kazi tena. Kamati ilikaa tarehe 6. Waliniuliza kama ile sabini niliipima, nikasema ya mwanzo ndiyo, zilizofuata hapana. Wakaniuliza kwa nini nilimdanganya mwanafunzi. Nikasema nilitaka afaulu. Mkuu wa Idara akaandika hilo akacheka kidogo. Kisha mzee wa kamati, yule mpole wa fizikia, akaniuliza, "Mwanafunzi mwenyewe alikuwepo maabara siku hiyo?"

Nilijua anachouliza. Kwenye makala umesema zote uliziotesha wewe. Ningesema hakuwepo, ungekuwa umerudi nyumbani kabla ya jopo lako kukaa. Kitabu cha mahudhurio kilikuwa mezani mbele yao, kimefungwa, na ukurasa wa Alhamisi ile sahihi yako haipo. Nikasema alikuwepo. Hakuna aliyekifungua. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na mimi nimelia vya kutosha. Wamenistaafisha bila barua ya shukrani.

Sasa namba zako.

Hakuna namba. Kipimo cha beseni letu kilikuwa kinatumia umeme uleule uliokatika, kilizimika pamoja na hita. Themometa ya kioo ilivunjwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na ombi la nyingine liko mezani kwa Mkuu wa Idara tangu mwaka juzi. Nilikuwa napima kwa kiganja. Kila baada ya muda naingiza mkono chini ya blanketi, nashika ubavu wa beseni. Likionekana linapoa haraka nakaza blanketi, likionekana limevumbika mno nalegeza upande mmoja lipumue. Ndivyo nilivyokaa saa nne. Hilo sikukuandikia mara ya kwanza kwa sababu niliona halina maana, nilidhani blanketi ndilo lililofanya kazi. Ndiyo maana utando uligoma kwako mara sita. Sweta hazina mkono.

Najua utaniambia nikadirie. Sikadirii. Nilishakupa namba moja ya mdomo na umeona ilikotufikisha.

Namba hizo zinapatikana, lakini. Ni kuingia maabara ileile, kulijaza beseni lile, kufunga blanketi lile, mtu mmoja aweke kiganja kama nilivyoweka na mwingine asome themometa kila dakika tano. Siku tatu zingetosha, tuseme nne. Vioo vile huwezi kuviotesha jikoni, ile dawa ni sumu. Nilipomaliza kusoma barua yako jana nilivaa koti. Haki ya Mungu nilivaa koti, nikafika mpaka mlangoni nikiwaza nitamwazima nani themometa. Baada ya yote uliyonifanyia bado nilikuwa nakwenda kukufanyia kazi. Mkono uliingia mfukoni kutafuta ufunguo, ndipo nikakumbuka uko wapi.

Fundi mpya ni kijana msikivu. Nilimpigia simu leo asubuhi nikamwomba aniruhusu siku tatu tu, nisiguse kitu, nimwelekeze nimekaa. Akasema, "Mzee, nimesomewa ile barua ya kukusimamisha. Wewe ndiye mtu pekee nisiyeruhusiwa kumfungulia." Alisema kwa heshima.

Kwa hiyo mwezi wa sita ukifika, usiniandikie kuniuliza tena. Mkono ninao, uko hapa juu ya meza, unaandika barua. Wa kuufungulia mlango ulikuwa wewe, na umeufunga kwa sentensi mbili zenye lugha nzuri.

Mama yako anakusalimu. Anadhani niko likizo.

Mjomba wako